Moto Ukae Pembeni: Miaka Yangu kwenye Jiko la Bibingka

Sijawahi kufika Ufilipino. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, maana wapo wateja wanaoapa kwamba nimetoka huko, kwenye kisiwa fulani cha mbali ambako watu ni weusi kama mimi. Wala. Nimezaliwa Burundi, nikaingia kambini Tanzania nikiwa msichana, nikatoka nikiwa na wajukuu, na mwezi uliopita nimestaafu nikiwa mpishi wa vitafunio vya Kifilipino nchini Marekani. Mkiniuliza ilikuwaje, nitawaambia hata mimi bado nashangaa.

Bosi wenu Furaha na nyie wasichana wapya wa jiko la Whitehall ndio mliong'ang'ania niandike. Haya, naandika. Habari za vyeo na mshahara msizitafute humu. Nitawaeleza siku za kwanza, moto, majani ya mgomba, na mwanamke mmoja aliyenifunza kazi kwa kunikaripia. Na nitawaeleza ile Desemba ambayo duka lake lilikuwa lifungwe, kwa sababu nyie mnafanya kazi kama vile maduka haya yaliota yenyewe kama uyoga.

Nilianza mji wa Louisville, mtaa wa South End. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye ghala la viatu, nimesimama kutwa juu ya saruji mpaka magoti yakagoma. Mwanangu Emanueli akaniambia nipumzike nyumbani, nilee wajukuu. Nikapumzika. Wajukuu wenyewe nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, tena macho yako kwenye simu. Baada ya muda nikaona heri magoti yaume kuliko moyo. Dada mmoja wa kanisani akaniambia kuna Mfilipino mwenye duka karibu na kituo cha basi, anatafuta mtu anayeweza kuamka mapema. Nikasema kama ni hilo tu, mtu kapatikana.

Mbele palikuwa duka, nyuma jiko. Nilipofungua mlango harufu ya samaki wakavu ikanipokea, nikasimama pale pale. Jamani, Kigoma hii hapa! Kulikuwa na dagaa kwenye mifuko, siki ya nazi, maembe makavu, tambi za mchele, na friji iliyojaa majani ya mgomba yaliyogandishwa kama vitambaa vya mezani. Marekani nilikuwa nimekwisha kuona maduka makubwa hata nikachoka, lakini sikuwahi kuingia duka nikameza mate mlangoni.

Mwenye duka aliitwa Luz, mwanamke mfupi, mwepesi, miwani kichwani saa zote na saa zote anaitafuta. Nikamwita Madam, akakataa katakata. Akataka nimwite Ate, yaani dada mkubwa. Nikamwambia mimi nimemzidi umri kwa mbali, itakuwaje awe dada yangu mkubwa? Akafikiri kidogo, akaamua kwamba yeye atakuwa Ate Luz na mimi nitakuwa Ate Sefa, kila mtu dada mkubwa wa mwenzake, yaishe. Tangu hapo nikajua tutaelewana.

Hakuniuliza cheti. Alifunua ndoo iliyokuwa pembeni ya jiko, akanionyesha kwa kidevu. Nikainama nikanusa. Ulikuwa mchele ulioloweshwa, ukasagwa ukiwa na maji yake, ukaachwa uumuke. Wenyewe wanauita galapong. Kambini nimeuza vitumbua miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo harufu ile haikuwa ngeni kwangu. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba bado, asubiri mpaka upige mapovu madogo madogo. Akacheka, akanivalisha aproni yeye mwenyewe, akaifunga kwa nyuma kama ananivalisha kwenda harusini.

Kazi za asubuhi zilianza na pandesal, vile vimkate vidogo vya kugaragazwa kwenye unga wa mkate mkavu. Mkifika mji wowote wenye duka la Kifilipino, nendeni asubuhi, kuleni pandesal ikiwa bado inachoma vidole. Ikipoa ni mkate tu. Baada ya hapo ensaymada, laini, ina siagi na sukari na jibini juu yake. Mimi mwanzoni nilidhani jibini na sukari vimekutana kwa bahati mbaya. Halafu kutsinta, keki ndogo za mchele rangi ya kahawia, zinazocheza cheza kwenye sahani. Siri yake ni maji ya magadi, na magadi sisi tunayajua tangu kwenye maharage. Turon ni ndizi na kipande cha fenesi, vinaviringishwa kwenye karatasi ya unga, vinakaangwa pamoja na sukari mpaka inashika. Keki ya zambarau mnayoipenda kupigia picha ni kiazi kikuu, hakuna rangi ya dukani iliyotiwa, na mteja akiwaambia ni rangi, msigombane naye, mkatieni kipande.

Lakini mfalme wa vyote ni bibingka. Ni ule mchele uliosagwa, tui la nazi, mayai na sukari, unamiminwa kwenye chombo kilichotandikwa jani la mgomba, unaokwa, juu unapambwa kwa vipande vya yai lililolazwa kwenye chumvi na jibini jeupe, kisha siagi na nazi iliyokunwa. Jani lazima libabuliwe kwanza, lipitishwe juu ya moto mpaka lingae na kulegea, la sivyo linapasuka. Luz aliponiona nababua bila kufundishwa, alisimama na trei mkononi akaniangalia. Nikamwambia mtoto wa Burundi asiyejua jani la mgomba atakuwa ameokotwa.

Luz alioka bibingka kwenye oveni, maana mwenye jengo hakutaka kusikia habari za makaa. Kila akiitoa alikuwa anasema ile ile: hii ni keki tu, bibingka ni ya mama.

Mama yake tulimsikia kila siku. Luz aliweka simu kwenye rafu ya unga, akaifungulia sauti, na sauti ya mwanamke mzee ikalijaza jiko. Aliitwa Lola. Lola maana yake ni bibi, na kila mtu alimwita hivyo, nami ingawa ni bibi nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa anaishi Lackawanna, kule juu kaskazini, karibu na mji wa Buffalo. Alifika huko akiwa muuguzi kijana, wakati viwanda vya chuma bado vinatoa moshi, akawa anawapikia wauguzi wenzake nyumbani kwake. Wenzake wakaleta wenzao, mpaka jiko likawa duka. Duka la Lackawanna ndilo mama wa maduka yote ya Luz. Na kwenye simu Lola alikuwa hana dogo. Umebabua majani? Umeonja chumvi? Huo mlio ni wa nini, mbona unapiga mayai kama unafukuza mbwa? Luz alikuwa anajibu ndiyo mama, ndiyo mama, huku ananikonyeza. Kilugha chao nilikuwa sikijui, maneno alinitafsiria Luz baadaye, ila makaripio hayahitaji mkalimani.

Luz alipofungua duka dogo Whitehall, upande wa mashariki wa mji wa Columbus, katikati ya yale majengo ya kupanga, alinituma nikaanzishe jiko. Huko ndiko nilikompata Furaha. Nyie mnamjua akiwa bosi. Mimi namjua alipokuwa hajui kutofautisha turon na sambusa. Ni Mkongomani wa Uvira, anaongea tangu anapovua koti mpaka anapolivaa, na mikono yake inakwenda kasi kuliko mdomo, jambo ambalo si dogo. Wateja wetu walikuwa wauguzi wa Kifilipino wanaotoka zamu, na watu wetu wa majengo yale, Wakongomani, Warundi, na Wasomali waliokuwa wakija kutafuta ndizi na mihogo.

Jumamosi moja asubuhi muuguzi mmoja alirudi na bibingka yake imeng'atwa mara moja. Mwanamke mpole sana. Akaniuliza kwa upole kama leo tumetia dawa ndani. Dawa? Nikaonja. Hiliki! Tena si kidogo, ya kutosha pilau la harusi. Nikageuka nikamwangalia Furaha, naye wala hakutetereka.

"Maman, mi niliwaza umesahau," akaniambia kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa. "Bon, mchele na nazi bila hiliki, hiyo ni chakula ya mugonjwa. Donc nikatia."

Ningemgombeza vipi? Mimi mwenyewe mkono wangu ulikuwa ukiwasha kila siku kutafuta lile kopo la hiliki. Mtu aliyekula kitumbua tangu utotoni ukimpa mchele na tui, pua yake inangoja hiliki, isipokuja anaona kama kuna mtu hajafika mezani. Tukampa yule muuguzi nyingine isiyo na hiliki, iliyobaki jana. Zile za hiliki Wasomali na Wakongomani walizimaliza kabla ya adhuhuri, wakauliza kesho zitakuwepo saa ngapi. Nilimpigia Luz nikamweleza bila kuficha. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema tuendelee kuzipika kila Jumamosi, ila tukiziita bibingka mama yake atapanda basi aje atuchape. Ndiyo zile mnazouza leo kwa jina la vitumbua vya oveni, na msidhani zimetoka kwenye kitabu.

Mwaka ule ule simu ya Luz ilianza kupoa. Nilikuwa nikimpigia asubuhi, nikiuliza Lola amesema nini leo, ananijibu hajasema kitu. Lola alikuwa ameanguka wakati wa kiangazi, akafanyiwa operesheni ya nyonga. Nikadhani ni maumivu.

Mwanzoni mwa Desemba Luz alikuja Whitehall, akaketi jikoni bila kuvua koti. Akatueleza mama anatembea sasa, kwa fimbo lakini anatembea. Si hilo. Shida ni kwamba hakaripii tena. Msichana aliyekuwa akimsaidia dukani alichoma mikate, Lola akasema nzuri. Wakaleta siagi ya mafuta badala ya siagi ya maziwa, akasema nzuri. Watoto wa Luz wana kazi zao na hawataki duka, yeye mwenyewe hawezi kukaa miji mitatu kwa wakati mmoja, basi akaamua duka la Lackawanna lifungwe baada ya Krismasi, mama ahamie Louisville.

"Nilipomwambia, alisema sawa, wazo zuri," Luz akasema. "Ate Sefa, mama yangu hajawahi kusema wazo langu ni zuri."

Akalia, na Furaha akamvua lile koti taratibu. Nilichokuwa nakitazama ni mtu anayeogopa kwamba mama yake ameanza kuaga. Siku hizo za kabla ya Krismasi Wafilipino wana misa ya alfajiri, asubuhi tisa mfululizo, na baada ya misa wanakula bibingka ya moto na kunywa chai ya tangawizi. Watu wa Lackawanna walikuwa wamekwisha kuagiza. Luz akaniomba niende nikawapikie hizo za mwisho, kisha nisaidie kufunga vitu. Nikasema nitakwenda. Na moyoni nikasema kufunga duka la mwanamke yule si kazi ninayoitaka.

Lackawanna ilinipokea kwa upepo wa ziwani unaoingia mpaka kwenye meno. Viwanda vimebaki viwanja virefu vyenye theluji, na barabarani kuna maduka ya Wayemeni, makanisa ya Wapolandi, kila watu na mkate wao. Duka la Lola lilikuwa dogo, la mbao, kabati la vioo limechubuka pembe kwa miaka ya kuegemewa. Ukutani palikuwa na picha ya Mtoto Yesu aliyevikwa taji, na chini yake picha ya muuguzi kijana mwenye macho makali kiasi kwamba nikajikuta naweka aproni sawa. Nyuma, uani, kulikuwa na banda lisilo na kuta, na chini ya turubai majiko ya udongo ya kuokea bibingka kwa makaa. Nilipoyaona nikafurahi, nikajua hapa ndipo ile bibingka ya mama ilipotoka.

Lola mwenyewe alikuwa dirishani, kwenye kiti, karibu na hita. Luz aliinama akashika mkono wa mama yake akauweka kwenye paji la uso wake, ndiyo heshima yao. Mimi nikafanya vile vile. Lola akanitazama, akatabasamu. Macho ya kwenye picha hayakuwepo. Nikamwambia nimekuja kumpikia. "Nzuri," akasema kwa Kiingereza. Luz akanipa funguo, akarudi Louisville.

Sasa sikilizeni habari ya moto. Bibingka ya kweli inaokwa na moto wa chini na moto wa juu: chombo kiko jikoni, juu yake unaweka bati, na juu ya bati unaweka makaa. Nilijiambia hapa nimefika nyumbani. Nani atanifundisha kupalilia? Wali wa nazi nimeupalilia tangu nina umri wa kubeba mdogo wangu mgongoni, makaa ya kutosha juu ya kifuniko, unaacha ukauke taratibu. Asubuhi ya kwanza nikawasha, nikababua majani, nikamimina, nikafunika, nikarundika makaa yangu juu vizuri. Nilipofunua, katikati ni peusi, jibini limekuwa gumu, na pembeni bado uji.

Nikachagua iliyo nafuu nikampelekea Lola. Akala kipande, akafuta midomo. "Nzuri, Sefa. Nzuri sana."

Loo, nilijisikia nimetukanwa. Nimeuza vya kula maisha yangu yote, kilichoungua nakijua. Watu walipotoka kanisani walikula kwa adabu, wakashukuru, wakachukua na za kwenda nazo. Mzee mmoja alimwambia mkewe kwa Kiingereza, akidhani sielewi, kwamba pengine ni vizuri Lola akapumzika sasa. Mke akaitika kwa kichwa, akatupa nusu ya bibingka yake kwenye pipa pale mlangoni. Nilichukia. Si kwa sababu yake, alikuwa na haki.

Siku iliyofuata nikalaumu theluji. Nikabadilisha makaa, nikapunguza tui, nikakata majani upya, nikasogeza majiko upande usio na upepo. Yakatoka yale yale. Kila kitu nilikibadilisha isipokuwa namna ya kuweka moto juu, maana hiyo sikuona kama ni kitu cha kukagua. Kila asubuhi nampelekea Lola sahani, kila asubuhi nzuri. Nikamwomba aniambie kosa liko wapi. Akasema hakuna kosa, pumzika, umechoka. Anasema kwa sauti ile laini, ananipigapiga mkono.

Ndipo nilipokumbuka kwamba huyu ni muuguzi. Sauti hiyo nimeisikia hospitali ya kambini, wakati mume wangu anakwenda. Ndiyo wanayomtumia mtu ambaye hakuna tena la kumfanyia. Hasira zikanipanda, heshima nikaiweka kando.

"Lola, mimi si mgonjwa wako," nikamwambia. "Usinibembeleze."

Akageuza uso dirishani. Nikaona nimeharibu, lakini maji yamekwisha kumwagika, basi nikaendelea: nikamwambia kesho atatoka uani aketi karibu na moto, nitamfunika blanketi zote zilizomo nyumbani. Nilitaka anikatalie, aseme baridi itamuua, aseme lolote lile. Akasema sawa, wazo zuri.

Asubuhi nikambebea kiti chake, nikamtoa, nikamfunga blanketi moja juu ya nyingine na kofia yangu ya sufu, yakabaki macho na fimbo. Nikaanza kazi bila kumsemesha. Nikababua majani, nikamimina, nikapanga mayai. Nikaweka bati, nikachota makaa, nikayarundika katikati. Nikasikia fimbo inagonga ardhi mara moja. Nikaendelea na jiko la pili. Fimbo ikagonga tena. Jiko la tatu, nikachota makaa ya kutosha, nikamimina.

"Nani amekufundisha hivyo?" Sauti ilikuwa ya chini.

Nikamwambia mama yangu.

"Mama yako alikuwa anapika nini?"

Nikamwambia wali.

"Huu si wali."

Na ile fimbo ikatoka kwenye blanketi, ikapiga bati, makaa yakaruka mpaka kwenye theluji yakazima kwa kelele. "Pembeni! Moto ukae pembeni, katikati pawe wazi! Yai linakauka, jibini linakauka, unataka watu wale soli ya kiatu?" Akaniamuru nipange makaa kama duara, pembezoni mwa bati, ili joto lishuke kando na katikati paive kwa mvuke wake. Halafu ndio kwanza akaanza. Majani nimeyaweka upande usio wake, upande unaong'aa uwe juu. Mchele mzito. Koleo nashika kama napasua kuni. Siagi ipakwe ikitoka tu, si baadaye, kwani nangoja mwaliko? Alikuwa amekwisha kuvua kofia yangu na kuitupa mapajani.

Nilisimama pale nikikaripiwa, upepo unanimwagia theluji kichwani, na machozi yananitoka, na si ya moshi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nishuke kwenye ndege.

Zile za jiko la tatu zilitoka zimepasuka kidogo juu, rangi ya dhahabu, pembeni zimeshika na katikati laini, zina harufu ya jani lililoungua kidogo tu. Lola akala kipande akiwa amefumba macho. Nikangoja. Akasema chumvi ya yai haijatosha. Nilitaka kumbusu.

Habari zikatembea kanisani, mimi sijui zilitembeaje, maana asubuhi iliyofuata watu walikuwa uani kabla sijamaliza kuwasha. Yule mzee na mkewe walikuja. Mke alikula yake yote, akalamba jani, akarudi kwenye foleni kana kwamba hatujamwona. Lola alikaa kwenye kiti chake katikati ya banda, akiwapangia watu mahali pa kusimama na kuwauliza mbona wamenenepa, mbona hawajaoa, mbona walipotea. Walikuwa wanacheka na kuitika ndiyo Lola, ndiyo Lola, watu wazima na ndevu zao.

Luz sikumwambia. Nilijaribu kushika simu mara kadhaa, nikaona kitu kama hiki mtu akione kwa macho yake.

Alifika asubuhi ya mwisho kabla ya Krismasi. Niliona gari lake linaegeshwa, nikamwona anashusha maboksi yaliyokunjwa ya kufungia vitu, anayabana kwapani, anapita dukani. Mama yake wakati ule alikuwa ananigombeza kuhusu siagi, kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani. Luz akatokea mlango wa uani akasimama. Hakusogea. Maboksi yalikuwa yanamteleza kidogo kidogo, wala hana habari.

Baadaye akaja, akainama, akachukua mkono wa mama yake akauweka kwenye paji la uso. Akaukawiza pale. Kisha akasema, akijaribu kuwa mtu wa mipango kama kawaida yake, kwamba amekuja na gari, na baada ya sikukuu Ate Sefa atarudi naye Louisville.

Lola akamtazama binti yake, akanitazama mimi, akatazama makaa yangu.

"Huyu hawezi kwenda popote," akasema. "Hajui kitu bado."

"Na duka, mama?" Luz akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Atajifunzia wapi, barabarani? Leta hayo maboksi, moto unazimika."

Luz akaweka maboksi chini. Akachuchumaa kwenye theluji na koti lake zuri, akayachana moja moja, akawa ananipa vipande, nami natia jikoni.